PSA imeshuka lakini madoa ya mifupani yameongezeka: tuuze mikarafuu tumpeleke baba India?

Assalaam alaykum mshauri, na shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa Wete, Pemba. Naandika kwa niaba ya nyumba nzima, ingawa nyumba yenyewe hatusemezani vizuri tangu wiki iliyopita.

Baba yetu ana miaka 71. Mwaka jana alianza kuamka usiku mara nne, mara tano kwenda kukojoa, baadaye kiuno kikawa kinamuuma hata akiwa amelala. Tukampeleka spitali, akapigwa eksirei ya mgongo, jibu likasema mifupa ina mabadiliko ya uzee tu. Tukashukuru Mungu. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ilipopimwa ikasoma 112. Akatolewa vinyama vya kupima, ikawa saratani ya tezi dume, Gleason 8, yaani alama ya ukali wake, ya juu kabisa ni 10. Daktari wa Dar es Salaam hakuitegemea ile eksirei, akaandika skani ya mifupa na CT, ile eksirei ya kompyuta, ya kifua na tumbo. CT ikakuta ini na mapafu salama. Skani ikaonyesha madoa matatu, mawili kwenye uti wa mgongo sehemu ya kiunoni na moja kwenye nyonga ya kulia. Tukabaki tunaulizana, eksirei ilikuwa inatazama nini?

Akaanza sindano ya homoni, ile ya kila miezi mitatu ya kuzima homoni ya kiume. Mshauri, baba amebadilika. Anakula, anakwenda msikitini kwa miguu yake, dawa ya maumivu anameza siku moja moja. PSA ya mwezi wa tatu wa tiba ilikuwa 6.4. Tukarudi kwenye skani ya mifupa tukijua tunakwenda kusikia habari njema. Jibu lililotoka ni kwamba yale madoa matatu yamezidi kuwaka, na yameongezeka mengine mawili, moja mgongoni juu zaidi na moja kwenye ubavu wa kushoto. Karatasi imemalizia kwamba ugonjwa umeongezeka. Miadi ya daktari bado wiki tatu.

Kaka yetu mkubwa yuko Muscat. Alipotumiwa karatasi kwa WhatsApp alipiga simu usiku huo huo. Anasema skani ya mifupa ni kipimo cha kizamani, dawa imeshindwa, baba apelekwe India akafanyiwe picha iitwayo PET ya PSMA, inayoona hata chembe ndogo. Nusu ya gharama atatoa yeye, nusu tuuze mikarafuu ya baba. Mikarafuu hiyo ndiyo inayolisha nyumba na kusomesha wadogo zetu. Ami anasema India ya nini, MRI, ile picha ya sumaku, ndiyo mwisho wa vipimo. Shangazi anasema mionzi imetosha, na tangu skani ya pili amemkataza mjukuu asikae na babu yake.

Baba mwenyewe hajaambiwa kitu. Kila akiuliza tunamjibu karatasi haijatoka. Analolalamikia yeye ni ubavu tu, aliupiga kwenye ukingo wa birika alipoteleza akitawadha, siku chache kabla ya kwenda skani ya pili.

Kipimo kipi kinasema kweli? Na tuuze?

Mtoto wa pili, Wete

*

Waalaykum salaam, marahaba mwanangu.

Msiuze mikarafuu kwa ajili ya karatasi hiyo.

Sijamwona baba yako wala sijaziona picha zake, na daktari anayemtibu ndiye mwenye neno la mwisho. Lakini miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya picha za namna hii, na mengi uliyoyaandika yanaelekea upande mmoja. PSA imetoka 112 ikafika 6.4. Maumivu yamepungua. Mtu anakula na anatembea. Dawa iliyoshindwa haimfanyii mgonjwa hivyo. Kinachopingana na yote hayo ni kipimo kimoja, tena kimepigwa katika kipindi ambacho ni rahisi sana kukisoma vibaya.

Watu wengi hawajui kwamba skani ya mifupa haioni saratani. Kumbuka siku ya kipimo: baba alidungwa sindano mkononi, akaambiwa anywe maji na aende haja ndogo mara kwa mara, akakaa kiasi cha saa tatu ndipo akalazwa chini ya kamera. Ile sindano ni teknesiamu, iliyofungwa kwenye kemikali inayokimbilia mahali mfupa unapojengwa. Zile saa za kungoja ni za kuipa mifupa nafasi ya kuikamata na kuiacha ya ziada itoke na mkojo. Ndiyo maana kwenye picha mnaona pia figo na kibofu. Saratani ya tezi dume ikiingia mfupani huuchokoza mfupa ujijenge ovyo, na ujenzi huo ndio unaowaka. Kamera haimwoni mwizi. Inawaona mafundi waliokuja kuziba ukuta alioubomoa.

Sasa mwizi akishauawa, mafundi wanafanya nini? Wanaongezeka, maana sasa wanafanya kazi bila kusumbuliwa. Homoni ikishaanza kuzimaliza seli za saratani, mfupa hupona, na mfupa unaopona hukamata teknesiamu nyingi kuliko hata ulivyokuwa unaumwa. Doa la zamani linawaka zaidi. Na pale ambapo ugonjwa ulikuwepo tangu mwanzo lakini mdogo mno kuonekana, uponaji unapoanza panajitokeza kwa mara ya kwanza, na msomaji wa picha anapaita papya. Hali hii inajulikana vizuri. Huonekana zaidi katika miezi 3 ya mwanzo ya tiba na huweza kuvuta hadi miezi 6, kisha madoa yanaanza kufifia. Hata kipimo cha damu cha alkalini fosfatezi, kinachopanda mfupa unapojengwa, huweza kupanda kwa muda katika kipindi hicho hicho, na familia ikapata hofu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Wanaoendesha majaribio ya dawa za ugonjwa huu waliliona tatizo hilo zamani, wakajiwekea kanuni. Madoa mawili mapya kwenye skani ya kwanza baada ya kuanza dawa hayatoshi kusema dawa imeshindwa. Husubiriwa wiki 6 au zaidi, skani irudiwe, na lazima yaonekane mengine mawili mapya juu ya yale. Kanuni hiyo iliandikwa kwa wagonjwa ambao homoni ya kawaida imeshaacha kuwafaa, lakini sababu yake ni hii hii ninayokueleza. Baba yako ana mawili mapya, na moja kati ya hayo mawili nina mashaka nalo.

Hilo la ubavu. Mtu aliyejigonga kwenye ukingo wa birika siku chache kabla, skani ikawaka ubavu ule ule unaomuuma, hapo mimi huuliza habari za kuanguka kabla ya kuuliza habari za saratani. Ufa mdogo wa ubavu, ambao hata eksirei huenda isiuone, unawaka kwenye skani kama taa. Magoti yaliyochakaa yanawaka. Jino bovu linaweza kuwaka. Kipimo hiki kina jicho kali la kuona kwamba mahali fulani kuna jambo, ila kutaja jambo lenyewe si kazi yake. Je, aliyeandika majibu aliambiwa baba aliteleza? Aliambiwa ameanza homoni na PSA imeshuka kiasi hicho? Fomu nyingi zilizopita mikononi mwangu ziliandikwa "saratani ya tezi dume", basi, hakuna jingine. Msomaji akapewa picha mbili, ya kwanza madoa matatu, ya pili matano, akaandika alichokiona. Simlaumu. Lakini mnaweza kuomba isomwe upya, safari hii na taarifa zote mezani.

Na eksirei haikuwadanganya. Ili ubaya uonekane kwenye eksirei, inabidi mfupa uwe umebadilika sana. Kwa kawaida husemwa kwamba 30 hadi 50% ya madini ya sehemu ile iwe imeshapotea. Skani ya mifupa hushika mapema zaidi, kwa sababu haisubiri umbo la mfupa libadilike, inashika kazi inayofanyika ndani yake. Eksirei safi kwa mzee mwenye PSA ya 112 na kiuno kinachomuuma usiku haimaanishi chochote cha kutuliza moyo, na daktari wenu alifanya vyema kutoitegemea.

Tuje kwa kaka yako, ambaye nusu ya maneno yake ni kweli.

PET ya PSMA ina jicho kali kuliko skani ya mifupa, hilo halina ubishi. Yenyewe haitafuti mafundi, inatafuta protini iitwayo PSMA ambayo seli za saratani ya tezi dume huwa nayo kwa wingi juu ya ngozi zao. Utafiti wa Australia uitwao proPSMA, uliochapishwa mwaka 2020, ulichukua wanaume 302 na kulinganisha PET hiyo na njia ya kawaida ya CT pamoja na skani ya mifupa. Usahihi wa PET ulikuwa 92%, wa njia ya kawaida 65%. Ni tofauti kubwa. Lakini tazama hao wanaume ni akina nani: ni watu waliogunduliwa karibuni, saratani yao ni ya hatari ila haijajulikana kama imesambaa, na swali lilikuwa kama wafanyiwe upasuaji au mionzi ya kuponya. Kwa mtu kama huyo, kukuta doa dogo la siri nyongani kunabadilisha mpango mzima.

Kwa baba yako swali hilo limeshajibiwa. Saratani imefika mifupani, tunajua tangu skani ya kwanza, na tiba ya mwili mzima imeshaanza. PET ikimkuta na madoa saba badala ya matano, kesho yake atadungwa sindano ile ile.

Kuna na jambo ambalo wakala wa safari za matibabu huenda asiwaambie. Homoni anayotumia baba inaichezea PSMA yenyewe. Katika siku za mwanzo za tiba inaweza kuiongeza juu ya seli, na tiba ikiendelea muda mrefu ugonjwa unaoitikia dawa unaweza usionekane kabisa. Na baba hana PET aliyopigwa kabla ya dawa. Mtaruka hadi India, mtaletewa picha nzuri ya rangi, na hakutakuwa na ya zamani ya kuilinganisha nayo. Ukiipima kwa skani ya mifupa ya mwanzo, lazima madoa yaonekane mengi zaidi, maana jicho ni jingine. Hofu itarudi ile ile, na mikarafuu imeshakwenda. PET zenyewe pia zina madoa yao ya uongo. Dawa moja ya florini inayotumika kwa kipimo hiki, PSMA-1007, inajulikana kwa kuacha vidoa mbavuni visivyo saratani, na wasomaji wake wamejifunza kuvitilia shaka.

Halafu si kila PET ni ya PSMA. PET iliyoenea zaidi duniani hutumia sukari, iitwayo FDG, na saratani nyingi za tezi dume hazina uroho wa sukari, hasa zikiwa bado zinatii homoni. Familia inaweza kulipia "PET" ikadhani imepata hiyo ya kaka yako, kumbe mgonjwa amedungwa sukari, na picha ikatoka safi kwa sababu isiyo na heri. Siku yoyote mkifikia kulipia PET, ulizeni kwanza: anadungwa dawa gani?

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lingenifanya nikuandikie hata kama usingeuliza habari ya India.

Kuna hesabu madaktari huifanya kwa mgonjwa wa aina ya baba yako, ya kumweka kwenye ugonjwa mchache au ugonjwa mwingi. Iliyoenea zaidi imetoka kwenye utafiti wa Marekani uitwao CHAARTED, wa mwaka 2015. Ugonjwa ni mwingi kama umeingia viungo vya ndani kama ini au mapafu, au kama mifupani kuna madoa manne au zaidi na angalau moja liko nje ya uti wa mgongo na nyonga. Madoa hayo yalihesabiwa kwa skani ya mifupa ya kawaida na CT, ile ile anayoiita kaka yako ya kizamani.

Mhesabu baba kwa skani ya kwanza: madoa matatu, yote mgongoni na nyongani, ini na mapafu salama. Yuko kwenye ugonjwa mchache. Mhesabu kwa skani ya pili: matano, na moja liko ubavuni. Kwenye karatasi amehamia ugonjwa mwingi, bila ya chembe moja ya saratani kuongezeka, pengine kwa kupona tu na kuteleza birikani. PET ya PSMA ingeweza kumhamisha vile vile, kwa ukali wa jicho lake.

Kwa nini hesabu hiyo ina uzito? Kwa sababu mwaka 2018 utafiti mkubwa wa Uingereza, STAMPEDE, ulionyesha kwamba wagonjwa wenye ugonjwa mchache mifupani waliochomwa mionzi kwenye tezi dume yenyewe, juu ya dawa zao, waliishi zaidi. Baada ya miaka 3, katika kila 100 waliochomwa walikuwa hai 81, wasiochomwa, 73. Wenye ugonjwa mwingi hawakupata faida hiyo. Kwa hiyo akihesabiwa vibaya, baba anaweza kunyimwa tiba inayomfaa, na aliyemnyima asijue kuwa amemnyima. Mionzi hiyo haihitaji India. Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, wanatibu kwa mionzi. Katika utafiti ule walichoma kwa njia mbili, mara 20 katika wiki 4, au mara moja kwa wiki kwa wiki 6. Swali la kumpelekea daktari ni hili: kwa skani ya mwanzo baba ana ugonjwa mchache, je, anafaa kuchomwa mionzi ya tezi? Liulizeni sasa, maana kwenye utafiti mionzi ilitolewa mapema, dawa zikiwa bado changa.

La pili la kumuuliza ni kama sindano peke yake inatosha. Tangu 2017 tafiti kubwa zimeonyesha kwamba kuongeza vidonge vya abirateroni, vinavyomezwa pamoja na predinisoloni, kunarefusha maisha ya wagonjwa wa namna hii kuliko homoni pekee. Vina bei, na vinataka shinikizo la damu na potasiamu vichunguzwe mara kwa mara, lakini hapo pesa inanunua dawa. Ile ya India ingenunua picha.

Ami yako naye asichekwe. MRI huona uboho, ndani kabisa ya mfupa, ambako saratani hutua kabla mfupa wenyewe haujaanza kujijenga au kubomoka. Doa la mgongoni ambalo skani inasema ndiyo na CT inasema sijui, MRI mara nyingi hulimaliza. CT yenyewe msiitegemee sana sasa hivi kwa mgongo, kwa sababu mfupa unaopona hugeuka mweupe kwenye CT na huweza kusomwa kama doa jipya pia. Mkipenda kuhakikisha lile la mgongoni, MRI ya mgongo ndiyo ningeiomba, na ubavu ningeuacha. Ukiwa ni ufa, utafifia wenyewe kwenye skani zijazo.

Ila kuna siku MRI haiwi tena jambo la kujadiliana na ami. Mgonjwa mwenye saratani kwenye uti wa mgongo anaweza kubanwa uti wa neva. Baba akianza kusema miguu mizito, au anajikwaa pasipo na kitu, au ganzi imepanda mapajani, au haja inamtoka au imekatalia ndani ghafla, au maumivu yanamzunguka kifuani kama amefungwa mshipi na yanazidi akikohoa au akilala, msisubiri miadi ya wiki tatu. Msisubiri hata boti ya kesho kama kuna ya leo. Nendeni hospitali iliyo karibu mkaseme kwa sauti kwamba huyu ana saratani ya tezi dume iliyofika mgongoni na miguu inaisha nguvu. Aanzishiwe deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, kama daktari ataona inafaa, na apelekwe kwenye MRI ya mgongo mzima ndani ya saa 24. Miguu ikiokolewa ikiwa bado inatembea, kwa kawaida huendelea kutembea. Ikishalala siku kadhaa, kuirudisha ni kazi ngumu. Eksirei haitoshi kwa jambo hili, na skani ya mifupa haionyeshi kama neva zimebanwa.

Kwa shangazi: mionzi ya skani moja ya mifupa ni kama milisiveti 4 (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), na dunia yenyewe, udongo na anga, humpa kila mtu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Kwa mzee wa miaka 71 mwenye saratani hilo si la kumnyima usingizi. Katika utafiti ule wa Australia, PET ya PSMA ilitoa kiasi cha 8.4, na CT na skani ya mifupa zikijumlishwa zilitoa 19.2. MRI haina mionzi ya aina hiyo kabisa. Teknesiamu hupungua nusu kila saa 6, tena nyingine imetoka na mkojo, hivyo kesho yake imebaki kidogo sana. Siku ile ile ya sindano ni vizuri mtoto mchanga na mama mjamzito wasikae wamemwegemea kwa masaa. Tangu siku iliyofuata hakuna sababu yoyote ya kumtenga mjukuu na babu yake, na nakuomba shangazi aambiwe leo.

Na baba aambiwe. Mnamficha karatasi ambayo pengine ni habari njema iliyoandikwa vibaya, halafu mnapanga kuuza miti yake. Yeye ndiye anayejua ubavu uliuma kabla ya skani au baada. Yeye ndiye atakayewaambia miguu ikianza kuwa mizito, na hatasema kama hajui kwamba ni jambo la kusema.

Wiki tatu hizi msizikae bure. Pigeni simu kliniki muulize kama miadi inaweza kusogezwa. Tafuteni CD za skani zote mbili, picha zenyewe. Ile karatasi haitoshi, maana anayeombwa kuzisoma upya anahitaji kuziweka mbili pamoja, mifupa ya mbele na ya nyuma, doa kwa doa. Hospitali ikiwa na kamera inayozunguka na kuungana na CT, doa la mgongoni linaweza kupigwa hivyo ikaonekana kama limekaa kwenye kiungo kilichochakaa au katikati ya pingili. Andikeni kwenye karatasi moja tarehe ya sindano ya kwanza, tarehe za skani, namba za PSA na tarehe zake, na siku aliyoteleza. PSA irudiwe, na pamoja nayo apimwe testosteroni, homoni ya kiume yenyewe; ikiwa chini ya nanogramu 50 kwa desilita, sindano imefanya kazi yake ya kuzima homoni. PSA ikiendelea kushuka au ikatulia chini, skani ya mifupa irudiwe kwa utulivu kwa muda atakaopanga daktari. Ikianza kupanda wakati testosteroni iko chini, hapo ndipo dawa itakuwa imeanza kushindwa kweli, na kaka yako atakuwa na haki ya kuzungumzia PET.

Siku hiyo ikifika, PSMA itakuwa na swali la kujibu, hasa kama itafikiriwa tiba ya lutesiamu, dawa ya mionzi inayozifuata seli zenye PSMA, ambayo hutolewa kwa wagonjwa ambao saratani yao imethibitika kwa PET kuwa na PSMA. Ulizeni kwanza Ocean Road kama wanaweza kuifanya, kisha Nairobi, ambako Aga Khan University Hospital na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta zina mashine za PET, na muulize kama dawa ya PSMA ipo tarehe mnayoitaka. Galiamu, moja ya dawa za mionzi anazodungwa mgonjwa kwa kipimo hiki, hupungua nusu kila dakika 68, florini kila dakika 110. Haiwekwi stoo ikangoja wageni, hutengenezwa kwa ajili ya siku yenyewe.

Ile nusu aliyoahidi kaka yako msimrudishie maneno, mwombeni aitume sasa. Itahitajika kwa vipimo vya damu, kwa abirateroni ikiwa daktari ataiandika, na kwa chumba cha kupanga Dar es Salaam hizo wiki 4 au 6, kama baba atakubaliwa mionzi.